Baba Kwenye Kiti cha Nyuma

Via dei Sarti 9,
Benevento.
11 Julai 1987

Mpendwa kaka Duilio,

Hujambo huko Rosario, Argentina? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila Bibi Assunta na magoti yake, na mimi ambaye wiki nzima chakula hakikupita kooni.

Jana nilifanya mtihani wa Kilatini wa kujibu kwa mdomo. Baba alishaapa: nikifeli, habari ya chuo kikuu imekwisha, naingia buchani kushika kisu ulichokiacha wewe. Nilikukasirikia kaka, nisikufiche. Umeondoka wewe, nimebanwa mimi.

Mwaka mzima nimesoma barua za Warumi, mpaka Bibi akasema hao wafu nawajua kuliko binamu zangu. Asubuhi ya jana jirani yetu Filomena akanitakia heri pale ngazini. Kumtakia heri mtahiniwa, na kila mtu hapa anajua ni kumletea mkosi! Bibi alimfokea kana kwamba ameniroga.

Unajua chumba cha mtihani huwa wazi kwa yeyote. Nimekaa tu mbele ya watahini, nikasikia kiti cha nyuma kikilia. Baba, na aproni yake ya kazini.

Nilipewa barua ya baba aliye mbali na mwanawe. Nikaitafsiri vizuri, kisha mwenyekiti wa watahini akauliza kwa nini Warumi walitanguliza kuuliza afya. Jibu la kitabuni likanitoka kichwani lote. Akawa anagonga meza kwa kalamu, ananisubiri. Mwishowe nikasema nilichokiona mwenyewe: barua ilikaa njiani wiki nyingi, na mwandishi hakujua kama mwenzake yu hai. Kwa hiyo aliuliza hilo kwanza.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilipogeuka, Baba hayupo.

Nilimkuta nje, macho mekundu. "Matokeo yakiwa mabaya utarudia mtihani," akasema. "Buchani sikutaki, utajikata vidole bure."

Miaka mitatu tangu uondoke, jina lako halijatajwa mezani kwetu. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, akitazama pembeni, "Eti, huko Argentina ng'ombe wanamkataje?"

Nikamwambia sijui.

Mjibu wewe, kaka. Mwandikie yeye, usipitishie kwangu.

Mama, Bibi na binamu Nazzareno wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko ugenini.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Ornella