Taa ya Breki Haiwakangi

Tabby, niko kwa fundi hapa Silibwet.

Nilileta gari abadilishe oili tu. Akawasha switch bila kustart, akaangalia dashibodi. Akaniuliza, "Madam, na taa ya breki?"

Nikamwambia hiyo siku hizi haiwakangi, breki ziko sawa. Mimi na mdomo wangu.

Akasema ukiwasha switch, taa zote za kuonya lazima ziwake kidogo ndio zizime. Ile haiwaki kabisa ndiyo ya kuogopa.

Akafungua dashibodi. Tabby, taa imefunikwa. Imefunikwa na karatasi nyeusi ya plastiki, ile ya kupandia miche ya chai, imekatwa vizuri na makasi, ikabandikwa na gluu. Akaangalia mafuta ya breki, yale hiyo taa huonya yakipungua, na karibu yaishe.

Nani ako na nasari ya miche ya chai kwetu? Si ni bwanangu.

Nikampigia. Gitonga akacheka. "Hiyo taa ilikuwa inakusumbua roho, nikaifunika. Hata ya pikapu ilikuwa inawaka, nikaifunika."

Tabby, pikapu ndiyo amempa mama yako lifti nayo leo kwenda kliniki Kaplong.

Simu imekatika. Kabla ikatike nilisikia mama yako akimwambia apunguze mwendo.

Akamwambia tena.