Herufi ya Tatu

Jumamosi, baada ya chai ya jioni

Sitabahatisha. Mutuma acheke mpaka achoke.

Leo kitwitwi, ndege mdogo wa kando ya maji, alikuwa ukingoni mwa bwawa letu la kumwagilia viazi, mguuni amefungwa kibendera cha kijani chenye herufi tatu. Wanaochunguza safari za ndege humtambua kila mmoja kwa herufi zake. Nilisoma mbili. Ya tatu ilikuwa imefunikwa na matope.

Kaka yangu Mutuma akaokota jiwe. "Wee Kendi, nimlaze chini usome vizuri?"

Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina huitikia kwa kunong'ona, nikasimama mbele yake. "Nipige mimi kwanza!" Wachimba viazi wote wakageuka. Sikusonga.

Ndege akaruka, akaenda. Mutuma akasema, "Basi jaza herufi yoyote. Nani atajua?"

Mimi nitajua. Herufi ya uongo inamgeuza kuwa ndege mwingine kabisa.

Naogopa mwalimu wa klabu yetu ya ndege shuleni ataona nimefanya kazi nusu. Aone tu. Nimemtumia ripoti nikitumia simu ya mama: herufi mbili, na ya tatu nimeandika "sikuiona". Chini yake nimeweka jina langu, lote.