Bass Ambaye Sikumvua

Jumapili, Mei 2021, Seven Hills, Australia. Baridi kavu, anga safi, upepo wa magharibi haujatulia tangu asubuhi. Wala mimi sijatulia.

Kila Ijumaa huandika kwenye blogu hii hali ya maji kwa wenzetu wanaovua. Ijumaa hii sikuandika. Nimekaa kuandika sasa, na sina hakika namwandikia nani.

Kwanza hali, maana ndiyo kazi ninayoijua. Mto Nepean bado una rangi ya chai ya maziwa tangu mafuriko ya Machi. Leo saa moja asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nne. Ukitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, vidole huvioni. Magogo yamekwama kwenye kona zilizokuwa na kina. Maziwa ya kule milimani ni safi zaidi, ila yanapoa haraka na samaki wameshuka chini kabisa. Nimevua wiki tano mfululizo.

Sijapata kitu.

Baba Furaha, Mkongomani wa mtaa wa Lidcombe ninayevua naye, alikunja mshipi kabla ya saa nne. "Yaya, hata samaki ziko mu confinement," akaniambia, yaani kaka, hata samaki wamefungiwa ndani kama watu. Siku nyingine ningecheka.

Kaka yangu mkubwa, Musa, amelazwa Nakuru kwa korona, siku ya kumi na moja kwenye oksijeni. Amevua Ziwa Naivasha maisha yake yote, na ndiye aliyenifundisha kufunga ndoana. Ombi langu la ruhusa ya kutoka Australia limekataliwa mara mbili. Kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri, kwao ikiwa asubuhi, muuguzi anamshikia simu nami namsomea hali ya maji. Sina kingine cha kumpa.

Nikimaliza, Musa huuliza neno moja tu: "Umepata?"

Mimi hujibu: bado.

Jana baada ya mazungumzo yetu daktari alichukua simu. Alisema mapafu yamechoka, hakuna kilichobaki isipokuwa kumpunguzia maumivu. Akaniomba nimtie mgonjwa moyo.

Leo Musa alipouliza, nikasema nimepata. Bass, nikasema, kilo mbili, pale chini ya daraja.

Nimekuwa mwandishi wa habari miaka ishirini na mitatu. Nimeripoti ajali, chaguzi na mazishi, na sikuwahi kuongeza hata mtu mmoja kwenye umati. Leo nimetunga samaki, tena nimemtunga vibaya.

Nikasikia mashine ikivuma. Kisha akaanza, maneno machache kwa kila pumzi.

"Wewe kijana. Bass, mwezi wa tano? Si uliandika mwenyewe... baridi ikianza wanateremka... wanaenda maji ya chumvi kuzaa?"

Niliandika, mwaka jana, kwenye blogu hii hii. Sikujua kwamba huwa anasoma.

"Na kwenye tope hilo... huyo wako alivaa miwani?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Muuguzi akasema, "Mzee, pumzika kwanza," lakini Musa hakukubali simu iondolewe.

"Umeongea na daktari," akasema. Halikuwa swali.

Nikamsikia akivuta pumzi tena.

"Kesho nipe hali. Usinipe samaki."

Simu ikakatwa. Nimekaa jikoni tangu hapo, na koti la mtoni bado liko mwilini.

Najua kwa nini anataka kujua. Mkewe haruhusiwi kuingia wodini. Musa akijua, ataomba simu azungumze naye, kisha na wanawe, mmoja mmoja, wakati bado ana pumzi ya kumaliza sentensi. Kila siku ninayomficha, namnyang'anya mtu mmoja katika hao. Na nikimwambia, ni mimi nitakayekuwa nimemwambia, kwa simu, bila kumshika mkono.

Nimeandika kwenye daftari: Kaka, daktari anaona huenda usitoke. Nikafuta "anaona huenda". Daktari hakusema hivyo.

Nikaandika upya: Kaka, daktari amesema hutatoka.

Nimeisoma kwa sauti mara nne. Mara zote nne imenikwama kwenye neno la mwisho. Kesho saa kumi nitaisoma mara ya tano.