Nilimfundisha Mpwa Wangu Kufeli

Mpendwa mshauri Dada Philomene, naomba msaada kabla kifua changu hakijapasuka, na uniwie radhi kwa mwandiko maana elimu yangu niliipatia zaidi uwanjani kuliko darasani, lakini hapa Opelousas, Louisiana, hakuna asiyemjua Leander Guillory, waulize pale kwa kinyozi, watakuambia nilikuwa mlinzi wa katikati wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbana, ambaye washambuliaji wakiniona walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda chooni, kuna mmoja nilimkumba mpaka saa ya mama yake kule jukwaani ikasimama, na kama si goti hili la kushoto leo ungekuwa unaandikiwa na mtu maarufu.

Basi umaarufu ukaenda kwa mpwa wangu Javaris, mtoto wa dada yangu Odessa. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilimfundisha kutazama kiuno cha mwenye mpira, asitazame macho, maana macho hudanganya na kiuno hakijui kudanganya. Leo ana miaka thelathini na moja, msimu unaokuja ni wa tisa analinda katikati katika timu ya kulipwa huko kaskazini kwenye theluji, na siku akicheza mtaa mzima unahamia sebuleni kwa Odessa, hata mchungaji anafupisha mahubiri.

Sasa jambo lenyewe. Kila kiangazi, kabla ya msimu, wachezaji wanakalishwa mbele ya kompyuta wafanye mtihani wa kumbukumbu, wanaonyeshwa maneno na maumbo halafu wanaulizwa wamekumbuka yapi, na alama zinawekwa. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu anaurudia, na alama mpya zikiwa chini ya zile za kwanza daktari wa timu anamweka benchi mpaka ubongo utulie. Sisi wazee wa mpira tunaijua dawa yake. Javaris alipokuwa anakwenda chuo kikuu nilimketisha kwenye baraza ya mama yake nikamwambia, "Ule mtihani wa kwanza, mwanangu, feli kidogo. Usifeli sana, kompyuta itakushtukia. Kama unavyotia chumvi kwenye mchuzi wa gumbo. Wakikuonyesha maneno kumi na mawili, kumbuka saba. Hapo hata ukigongwa vipi, alama zitalingana." Akacheka, akasema Mjomba wewe ni nyoka wa kinamasi, na mimi nikajiona profesa. Amefanya hivyo kila kiangazi tangu siku ile.

Jumapili iliyopita tulichemsha kamba wa mtoni uani kwa Odessa, sufuria la mwisho la msimu, tumemwaga kamba na mahindi na viazi juu ya magazeti, kila mtu anavunja na kufyonza. Mimi nina kisa changu kimoja, Dada Philomene, labda hata wewe umekisikia, cha nusu fainali ya shule mwaka tisini na moja, mvua inanyesha, kidole gumba changu kikachomoka, nikakirudisha kwa meno na hapo hapo nikamwangusha kijana mkubwa kama jokofu hatua moja kabla ya mstari wa kufunga. Nimekisimulia mara elfu, na kila mara yule kijana anaongezeka kilo.

Jumapili hiyo akaanza kukisimulia Javaris. Nikadhani ananitania, nikacheka kwa sauti kuliko wote. Lakini alisimulia mvua, akasimulia kidole na meno, na aliyekuwa uwanjani ni yeye, na kwenye uzio alisimama baba yake akipiga makofi. Watu wakaacha kula. Binamu yake Terrance akamwambia taratibu kwamba, kaka, hicho si kisa cha Mjomba? Javaris akakunja uso, akaninyooshea kidole gumba chake mbele ya macho.

"Mjomba, si ulikuwepo? Waambie."

Na mimi nikasema, "Nilikuwepo."

Nakuungamia leo jambo ambalo hata marehemu mke wangu hakulijua. Kisa kile hakikumtokea mtu yeyote duniani. Siku ile ya nusu fainali nilikuwa benchi nimejifunika blanketi, tumbo limechafuka kwa chaza nilizokula usiku uliotangulia, na yule kijana alipita akafunga. Kwa hiyo mpwa wangu anakumbuka kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, na anamwona baba yake akishangilia mechi wakati alikuwa kaburini tangu mtoto hajaanza shule.

Nilikwenda bombani kunawa, mkewe Shanelle akanifuata. Akaniambia kwamba mara mbili tangu Pasaka Javaris amempigia simu akiwa kituo cha mafuta, anauliza njia ya kurudi nyumbani, na kituo hicho kiko mitaa mitatu kutoka kwao. Na kwamba anamkaripia binti yao halafu dakika kumi baadaye anauliza mtoto analia nini. Alimwendea daktari wa timu, daktari akafungua kompyuta akamtuliza.

"Ameniambia nisiwe na wasiwasi," akasema Shanelle. "Eti alama zake hazijashuka hata moja tangu aingie timu."

Nilihisi kama nimemwagiwa lile sufuria. Zitashukaje, na nilimfundisha azianzishe sakafuni?

Asubuhi yake nilimkuta Javaris anaosha gari. Nikaanza kuzungukazunguka na maneno, akanikata, na hakupaza sauti. "Wewe ndiye uliyenifundisha, Mjomba. Mwaka mmoja tu, halafu natundika viatu. Ukimwambia Shanelle, usikanyage tena hapa kwa mama." Kisha akaendelea kuosha mlango ambao alikuwa amekwisha kuuosha.

Kambi inafunguliwa baada ya wiki tatu. Nikisema, nampoteza mtoto niliyemlea na dada yangu atanilaani. Nikinyamaza, ni mwaka mmoja tu, labda atatoka salama. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema, siku ya nne leo naandikia gazeti. Nifanyeje?

Leander Guillory

*

Kaka Leander,

Barua yako niliisoma nimeketi, nikairudia nimesimama. Ukurasa huu nimeuandika miaka kumi na sita, nimejibu waume watoro na mabibi wenye waume wawili, na sijawahi kutoka jasho kama juzi.

Najua ulimpenda. Ulitaka mtoto asiye na baba asionewe na wenye kompyuta zao, na wazee wenzako walikwambia ni ujanja. Hilo nalielewa na sitakupiga nalo. Ila usiyakwepeshe macho: kile kipimo kiliwekwa kimlinde, na wewe ukamfundisha kukizima. Amegongwa tangu chuo kikuu akiwa hana mlinzi, yeye ambaye kazi yake ni kulinda. Na Jumapili, alipokuuliza mbele ya mkewe, ulipata nafasi ya kumsaidia ukaongeza uongo juu ya uongo. Hapo ndipo nilipokasirika, kaka.

Unasema mwaka mmoja tu. Mtu anayeuliza njia ya nyumbani akiwa mitaa mitatu hana mwaka wa kukopesha mtu. Unasema utampoteza. Huenda. Atakufukuza, na Odessa atakufungia mlango, na utakula Krismasi peke yako. Yote hayo unaweza kuyavumilia, una afya yako. Afadhali akukumbuke kwa hasira kuliko asikukumbuke.

Sasa sikiliza. Usimwendee daktari wa timu kwanza, mwendee Shanelle, kesho, na umweleze habari ya mtihani yote: ulimfundisha lini, alifanya vipi, amerudia miaka mingapi. Mwandikie kwenye karatasi utie sahihi, maana atahitaji kuionyesha. Mtafuteni daktari wa ubongo asiyelipwa na timu yoyote, hapo mjini Lafayette wapo, na umwambie wazi kwamba zile alama za mwanzo ni za uongo, azitupe, aanze upya. Kisha Shanelle na daktari huyo ndio watakaozungumza na timu. Wewe hapo kaa kimya.

Na Javaris mwambie mwenyewe kwamba umesema, uso kwa uso, kabla hajaambiwa na mtu. Mwambie na habari ya chaza. Atauma meno, lakini anahitaji kujua kumbukumbu ipi ni yake na ipi ni yako. Ukifika kwake anza na neno "nimekosa", kisha simulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza kitu.

Jibu hili nakuletea kwa mkono. Majina nitayabadilisha, na mji pia, na gazetini halitatoka mpaka Shanelle anipigie simu kwa sauti yake mwenyewe aniambie nichape.

Wasomaji wangu, Shanelle alipiga Ijumaa asubuhi.

Philomene