Prosesa Uliyoituma Haikuingia

Michenzani, Unguja
14 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Amour,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula, anacheka, na asubuhi huwa hodari kuliko mimi.

Mzigo umefika. Bi Nassra aliporudi kutoka huko aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni. Prosesa, huo ubongo wa kompyuta, umeiviringisha kitambaa na kuichimbia katikati ya mabakuli ya haluwa, basi nilidhani kompyuta yangu itanukia zafarani maisha yake yote. Ahsante sana.

Ila Mjomba, haikuingia. Mama alinikataza kukwambia, anaona ni aibu kumrudishia mtu maneno juu ya zawadi yake. Lakini nikinyamaza utanunua nyingine kama hiyo hiyo, nakujua. Prosesa yako ina vipini kama sindano chini, na soketi ya bodi yangu, pale inapokaa, nayo ina vipini vyake. Nilipoviona vinatazamana nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka.

Unajua kwa nini nina haraka. Nyumba yetu ya Malindi, ile iliyoanguka kwa mvua za masika, naichora upya kwenye kompyuta, chumba baada ya chumba, kwa maelezo ya Mama. Kompyuta ya zamani ilikuwa inaganda kila nikifika ghorofani, ndiyo maana naunda mpya. Na Mama anasahau. Juzi alinieleza vioo vya rangi vya ukumbi wa juu. Siku ya pili akaniuliza ukumbi gani.

Nikaenda kwa Juzer, mwenye duka la kompyuta pale Mkunazini. Akanieleza kwamba kila soketi ina jina lake, na prosesa lazima iwe ya jina hilo. Hata majina yakilingana, utazame kwanza kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi kama wanaitaja prosesa yenyewe, maana nyingine hazikubali mpaka programu ya bodi ipandishwe toleo. Mimi nilikuandikia "prosesa nzuri", basi, nawe ukaenda kubeba kubwa kuliko zote dukani! Juzer ameichukua yako, akanipa inayolingana. Ilikaa yenyewe, bila kusukumwa.

Tangu hapo naishi nusu ndotoni. Alasiri nashusha mapazia, Mama anasogea karibu na skrini, tunaingia mlangoni taratibu. Mwanga unashuka uani, ngazi zinapanda, na chokaa ya ukutani imekuwa nyeupe tena. Mama huvua kandambili kabla hatujaingia. Nami sasa huvua zangu.

Jana tulipita vyumba vyote. Tulipofika tena uani akanigeukia, amekunja uso.

"Nshapanda juu, nshashuka. Simwoni Amour. Mbona hayumo?"

Nikafungua madirisha, nikamtilia chai, na moyo ukaniuma mpaka usiku.

Nisalimie sana mkaza mjomba Wanu, na Ubwa, na Yusra umbusu kwa niaba yangu. Bi Nassra naye anakusalimu.

Safari hii usitume kitu, Mjomba. Mwenyezi Mungu akufungulie njia uje mwenyewe, na aifanye karibu, maana bado anakutaja kwa jina.

Mpwao akupendaye kwa moyo wote,
Sumaiya