Kabla, Tendo, Baada

Jumatatu, 3 Februari

Nimefua. Nimefuta mabeseni na majagi yote ya dukani, vumbi la barabara haliishi. Sumaya yuko chini ya meza, anapanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa. Akipanga hivyo anatulia saa nzima. Shida ni akiacha.

Juzi alikimbia tena. Nilikuwa namfungia mteja sufuria. Nageuka, mtoto yuko katikati ya barabara kuu. Lori la Kenya likafunga breki mpaka likakaa upande. Dereva akashuka. "Mama, mimi pia nina watoto. Usinifanye muuaji." Nilimnyanyua Sumaya nikambana kifuani mpaka ndani. Mji mzima wa Bugembe ulikuwa umesimama unatazama.

Ana miaka mitano. Hasemi. Daktari aliandika neno moja, usonji, akatuachia karatasi.

Leo mume wangu, Hakim, amesema nimpeleke Mbale. Dada yake, Hadija, amepata nafasi kwenye kituo cha watoto wa namna hii. Karibu mwezi mzima, mzazi lazima awepo. Dukani atakaa yeye. Hakuniuliza. Amenijulisha.

Naandika Kiswahili kwa sababu katika ukoo huu hakuna anayejisumbua kukisoma. Kwao ni lugha ya wanajeshi. Kwangu ni ya mama yangu, mtu wa Busia mpakani. Afadhali.

Jumatano, 5 Februari

Mbale. Kwa Hadija ni chini ya mlima Wanale, ukifungua mlango jabali liko usoni. Makochi yana vitambaa vyeupe. Sumaya amevivuta vyote kabla ya chai. Wifi yangu alivirudisha kimoja kimoja, anahema. Ningependelea matusi.

Kituo ni chumba kimoja, mkeka wa buluu, meza ndogo. Mwalimu anaitwa Nambozo, msichana wa Kigisu, hana hata mtoto. Ana kisahani cha biskuti alizovunja vipande kama kucha. "Gusa pua." Sumaya hagusi. Mwalimu anamshika mkono, anaugusisha puani. Kipande cha biskuti. "Gusa pua." Nilihesabu mpaka thelathini nikaacha. Mjomba wangu alimfundisha mbwa kukaa kwa njia hiyo hiyo. Mbwa angalau alipewa nyama.

Njia hii wanaiita uchambuzi wa tabia.

Alhamisi, 6 Februari

Sumaya akifurahi anapunga mikono hewani, kama anayekausha maji vidoleni. Tangu ana mwaka mmoja. Ndicho kicheko chake. Leo feni iliwashwa, akaifurahia, akapunga. Nambozo akaikamata mikono, akaibana mezani. "Mikono chini." Tena. "Mikono chini." Uso wa mwanangu ukazimika.

Namchukia huyu msichana. Nimeandika, na ikae hapo.

Amenipa karatasi ya safu tatu. Kabla, Tendo, Baada. Nyumbani niandike kila Sumaya akileta fujo: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kikafuata. Bila maoni, amesema. Kilichoonekana tu. Nimeikunja, nimeitia mkobani.

Jumapili, 9 Februari

Hadija ameyatoa ya moyoni nikiwa namenya matoke. "Wewe umeharibu hii mtoto. Kila saa unabeba. Na hiyo Kiswahili yako. Kwa mwalimu Kingereza, kwa baba Lusoga, kwako ya majeshi. Mtoto atashika gani?"

Nikamwambia hajashika hata moja, kwa hiyo yangu haijamzuia. Hatujasemezana tangu hapo. Nilimenya kwa hasira, nusu ya ndizi imekwenda na maganda.

Nimempigia Hakim. Amesema nivumilie. Neno hilo wanaume wanalitoa bure.

Jumanne, 11 Februari

Sumaya amejiuma kifundo cha mkono. Damu kidogo. Hajawahi kujiuma maishani mwake. Nambozo ameandika kwenye faili: anakataa kazi. Nilisoma juu ya bega lake.

Nimeitoa ile karatasi. Lakini simwandiki Sumaya. Namwandika Nambozo.

Kabla: mtoto anapunga mikono. Tendo: mwalimu anaibana mezani. Baada: mtoto anajiuma, mwalimu anaachia.

Bila maoni. Kilichoonekana tu.

Ijumaa, 14 Februari

Karatasi imejaa pande zote mbili. Nambozo amembana mikono mara tisa, mtoto amejiuma mara nane. Nakaa pembeni na kalamu yangu, naye ana yake. Ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Vizuri. Aonje kutazamwa.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda kwa mkuu wa kituo, mama mtu mzima wa miwani, mpole kupita kiasi. Nambozo akaitwa. Nikasoma karatasi yangu yote, mstari kwa mstari, sikuruka. Nilijua watanifukuza. Mabegi nilishayafunga asubuhi.

Mkuu akamgeukia Nambozo. "Akipunga mikono, inaumiza nani?"

"Hakuna mtu, madam."

"Basi iache."

Akanieleza kwamba zamani ndivyo walivyofundishwa, mtoto afanane na wenzake kwa nguvu, na kuna wasioacha mpaka leo. Akasema mtoto anayejiuma anasema kitu. Hana neno, ana meno. Nambozo alikuwa analia bila sauti. Sikumhurumia.

Halafu huyo huyo Nambozo, machozi hayajakauka, akaniuliza, "Mama Sumaya, karatasi ya nyumbani iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo ni ya mimi. Ya kukimbia iko wapi?"

Wakanikalisha. Wakaniuliza moja moja. Kabla? Niko na mteja, nimempa mtoto mgongo. Tendo? Anakimbilia barabarani. Baada? Namfuata. Halafu? Namnyanyua. Halafu? Namkumbatia.

"Vipi?" mkuu akauliza.

Kwa nguvu zangu zote, nikasema. Mpaka nasikia mbavu zake.

"Na siku ambayo hakukimbia, unamkumbatia hivyo saa ngapi?"

Nafungua duka, nafua, napika, namwosha, nalala. Mkuu aliandika neno moja kwenye safu ya tatu, anakumbatiwa, akanisogezea nisome.

Mtoto wangu anakimbilia malori ili akumbatiwe.

Jumanne, 18 Februari

Leo nawachukia kuliko jana. Jana walikuwa na makosa. Leo wana haki, na mwenye haki hasemeki.

Mpango ni huu. Sumaya afundishwe kujipiga kifuani mara mbili. Akipiga, nambana, popote nilipo, nikiwa na lolote mkononi. Akikimbia, namrudisha kwa kumshika mkono. Bila kumbeba, bila maneno, bila kumbana. Nambozo anamwongoza mkono taratibu, mtoto akiuvuta anauachia mara moja. Kisahani cha biskuti kimeondolewa mezani. Zawadi ni mimi.

Mikono anapunga atakavyo. Feni iko palepale.

Jumamosi, 22 Februari

Geti liliachwa wazi. Nilikuwa naanika nguo. Nikaona kisigino kinapotea.

Nilimkuta barabarani, bodaboda imemkwepa kwa kidogo. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona siku zote za Bugembe: alikuwa anageuka nyuma. Anaangalia kama nakuja.

Nikamshika mkono. Nikamrudisha. Sikumnyanyua. Akajitupa chini ndani ya geti, akapiga kelele, akanivuta gauni, akapanda miguu yangu. Mikono yangu niliifumbata nyuma, kucha zimeingia kwenye viganja. Majirani wakatoka. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, kwamba watu wa Kiswahili moyo wao ni wa kambini. Nilimwomba Mungu nisimrushie jiwe.

Hadija akatoka ndani. Nilijua atamnyanyua, anitie aibu ya mwisho. Akafunga geti. Akasimama mbele ya geti, kanga kiunoni, akawaambia majirani kwa Lumasaba, lugha yao, waende kwao. Kisha kwa Kiswahili chake kilichovunjika, nadhani ili nami nisikie: "Huyu mama iko kazini."

Ilichukua karibu dakika arobaini. Nilizichukia zote. Nilimchukia Nambozo, nikamchukia Hakim aliye dukani, nikajichukia mimi. Alipotulia nikapiga magoti mbele yake, nikajipiga kifuani mara mbili nimwonyeshe. Akatazama mkono wangu muda mrefu. Akajipiga mara moja. Tulikubaliana mara mbili. Sikungoja ya pili.

Jioni Hadija alinimiminia chai.

Jumanne, 25 Februari

Mara sita leo, zote mwenyewe, bila kuongozwa. Moja nikiwa chooni, alijipiga nje ya mlango mpaka nikatoka. Nyingine nikiwa kwenye swala. Nilimaliza rakaa kwanza, akangoja. Sikujua kwamba anaweza kungoja.

Nimechoka. Hakuna anayekwambia kwamba kukumbatia nako ni kazi.

Ijumaa, 28 Februari

Siku ya mwisho. Nambozo alinifuata mpaka kwenye ngazi. Akasema, "Mama Sumaya, ile ya mikono. Unisamehe. Nilifundishwa na mimi nikafundisha."

Nikamwambia nimesikia. Alama ya meno bado iko kwenye kifundo cha mtoto, ya kahawia sasa. Yeye ana miaka yake ya kujifunza, lakini alijifunzia kwa mwanangu.

Hadija alitufungia ndizi na karanga. Alimshika Sumaya kichwani, akasema kitu kwa Lusoga. Sikuuliza tafsiri.

Jumatano, 12 Machi

Bugembe. Kumi la kwanza la Ramadhani limekwisha. Watu wananunua majagi na vikombe vya futari, duka halina nafasi ya kugeuka. Koo kavu tangu saa sita.

Jumatatu alikimbia mara moja. Hakim alikuwepo. Nilimzuia asimbebe, akanitazama kama mchawi, lakini alimrudisha kwa mkono. Fujo iliyofuata ilikuwa fupi kuliko ya Mbale.

Leo alasiri mama mmoja wa Iganga alikuwa anachagua sahani, anagonga kila moja kwa kucha asikie kama ina ufa. Sumaya akaja, akasimama pembeni yangu, akajipiga kifuani. Mara mbili. Nikamwambia mteja angoje kidogo. Akauliza angoje nini. Nilishapiga magoti.

Jasho lake lilinukia vumbi na sabuni. Aliposhiba akajitoa mwenyewe, akaenda kukaa kwenye kivuli cha mlango.

Mteja alikuwa bado amesimama. Akagonga sahani nyingine, akasema hii ni nzima, akaomba nyingine tano kama hiyo.