Betri Zikichoka, Vijana Huimba Vizuri

Mtani wangu Mmwera,

Kwanza nikutoe wasiwasi: sikuandikii ili nikusifu. Waliokusifu siku ya maziko walitosha, na wengine nadhani walikuwa wanamsifu mtu mwingine kwa makosa. Nakuandikia kwa shida yangu mwenyewe. Tangu uondoke nimebaki Nachingwea hii bila mtu wa kunitukana.

Usicheke. Nikipita sokoni ni "Shikamoo mwalimu." Nikiingia ofisini, walimu wapya wanasimama. Juzi nilivaa soksi za rangi mbili tofauti, nikazunguka nazo kutwa nzima, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Enzi zako nisingevuka hata geti la shule. Ungewaita wanafunzi waje kumtazama Mngoni aliyevaa bendera. Heshima imenizidi, mtani. Sikujua kama heshima nayo inaweza kumfanya mtu ajisikie mpweke namna hii.

Kanda yetu ipo hapa mezani. Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, ngoja niwaeleze, wewe vumilia. Palikuwa na mchezo wa televisheni huko Dar es Salaam, wa vijana waliorithi vyombo vya bendi ya babu yao wakaamua kuifufua. Kila wiki waliimba nyimbo za dansi za zamani, zile tulizokua tukizisikia redioni, wakazipiga upya kwa kinanda cha umeme na madoido ya kwao. Mchezo ulipopendwa, nyimbo zikatolewa kwenye kanda. Kanda ikasafiri na wanunuzi wa korosho mpaka huku kwetu. Mchezo wenyewe haukusafiri. Kwa sisi, televisheni wakati ule ilikuwa kitu cha kusimuliwa.

Tulikuwa tumeshakaa nyumba moja ya walimu kwa miaka. Unakumbuka ulivyonipokea, miaka ya tisini, nilipopangiwa shule hii nikitokea Songea? Begi lilikuwa bado mkononi. Ukaniuliza kabila, nikakujibu. Hukunikaribisha ndani kwanza. Uligeuka ukawaita majirani: "Njooni muone! Babu zake walichoma nyumba za babu zetu, leo mjukuu wao kaja na begi la plastiki kuomba pa kulala!" Nikakujibu kwamba babu zangu walichoma kwa sababu hawakujua kama zile ni nyumba, walidhani ni marundo ya ming'oko, ile mizizi yenu ya porini. Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Hapo ndipo nilipojua nimefika.

Basi ulipokuja na ile kanda, mimi niliipenda tangu wimbo wa kwanza. Wewe ulinuna.

"Hawa watoto wanaimba kama wametumwa dukani," ulisema. "Sikiliza wanavyokimbia! Nani kawaambia duka linafungwa?"

"Si uizime, mtani?"

"Niizime niwaache wapotee?"

Ukawa unaimba juu yao, ukiwatangulia nusu mstari kwa sababu nyimbo zote ulikuwa nazo kichwani tangu ujana wako, huku ukiwafundisha: "Vuta, mtoto! Vuta! Unakwenda wapi?" Sauti yako, nakuheshimu kama marehemu lakini ukweli lazima usemwe, ilikuwa kama mlango wa ghala la ufuta.

Halafu siku moja betri zikachoka. Redio ikaanza kukokota, na wale vijana sauti zikawazidi unene, wakawa kama wazee waliokaa na kutulia. Kinanda nacho kikalia pole pole kama gitaa la zamani. Mimi nikainuka nikafuate betri dukani. Ukanishika shati.

"Kaa chini, Mngoni. Sasa ndiyo wanaimba."

Tangu siku ile ukapiga marufuku betri mpya. Watu wengine walianika betri zao juani zipate nguvu, wewe ulizihifadhi kivulini zisije zikapona. Jirani yetu, mama wa maandazi, alikuja siku moja na betri mbili kutoka kwenye tochi yake, akatuonea huruma. "Walimu, mishahara imechelewa tena?" Ukazipokea kwa shukrani nyingi, ukazificha kabatini.

Na ile hadithi yako! Kwa kuwa mchezo hatukuuona, uliutunga. Ulituliza ofisi nzima ya walimu kila mapumziko ya chai: yule mwenye sauti nyembamba ni yatima, yule wa kinanda anampenda lakini anaogopa shangazi yake, na bendi itavunjika kwa sababu ya mpiga ngoma mlevi, Mngoni. Lazima awe Mngoni. Nilipinga kila siku na kila siku alilewa zaidi. Akaja mwalimu mpya kutoka Dar, binti aliyekuwa ameutazama mchezo wote, akakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwalimu, mbona hayo hayamo kabisa kwenye mchezo?"

Ukampungia mkono kama unamfukuza nzi. "Basi wameuigiza vibaya."

Mwaka ulipohamishiwa kwenu Mandawa kuwa mwalimu mkuu, kanda uliniachia mimi. Ulisema kule una nyimbo zenyewe kichwani, nakala wabaki nayo wageni. Tukawa tunatembeleana likizo, wewe ukija Nachingwea kufuata mambo ya ofisi, mimi nikija kwako kwa barabara ile inayomjaza mtu vumbi hadi kwenye masikio. Nilikuwa nafika mwekundu kabisa, na wewe mlangoni: "Leo umekuja na rangi ya nyumbani kwenu." Nilizoea kuanza kucheka kabla gari halijasimama.

Safari ya mwisho nilifika mwekundu vile vile. Mlangoni alikuwepo kaka yako. Akanipa maji ya kunawa.

Siku ya hitima nilikaa pembeni, kwenye mkeka wa wanaume, nikiangalia miguu yangu. Kaka yako akanijia akainama sikioni. "Mtani, unangoja nini? Watu wanalia mfululizo, hawapumziki. Hiyo si kazi yako?" Nilijua ni kazi yangu. Mtani ndiye anayeruhusiwa kumwiga marehemu mbele ya waliofiwa, wapate kucheka kidogo. Ila nilikuwa nimetumaini kwamba watasahau.

Nikavaa koti lako. Kifungo hakikufunga, na hapo tu wakaanza kucheka. Nikatembea kama wewe, kidevu mbele kama mtu anayenusa nyumba inayopika. Nikaimba ule wimbo wa kwanza wa kanda yetu, kwa mlango wako wa ghala, nikiwatangulia vijana ambao hawakuwepo, nikiwakemea: "Vuta, mtoto! Unakwenda wapi?" Mkeo aliziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Bibi mmoja akapiga kelele, "Mwenyewe huyo! Mwenyewe kabisa!" Nikanogewa. Nikavua koti, nikarudi kuwa mimi, nikaligeukia lile koti mkononi nikasema kwa sauti: "Nyie Wamwera hata kufa mnakufa ovyo, bila kumuaga mgeni!"

Halafu nikangoja.

Si kwa makusudi. Ni mazoea tu. Kila nilipokurushia neno maishani mwangu, lilirudi jingine kabla langu halijatua. Nilisimama pale na koti mkononi nikingoja la kwako. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka.

Ndiyo maana nilimfuata Somoe. Mwanao huyu mkubwa anafundisha Malolo siku hizi, amechukua kidevu chako na mwandiko wako mbaya. Wazee wa kwenu wanasema utani hurithiwa, na mimi nimebaki kama mali isiyo na mrithi. Nilikwenda shuleni kwake mapumziko ya chai, nikamweleza shida yangu bila kuzunguka: nataka anitukane.

Akashtuka. "Mimi, baba? Nikutukane wewe uliyenifundisha hesabu?"

"Na ulizipata vibaya. Akili ya Kimwera. Haya, nijibu."

Akatazama chini. Nikamuanzia mengine, yale mazuri kabisa, yaliyokuwa yanakuamsha wewe hata ukiwa na homa. Nikawatukana babu zake wote mpaka wa juu kabisa. Yeye anatabasamu kwa adabu, anakunja na kukunjua pindo la mtandio. Nikaona kabisa kwamba anajaribu, mtani. Nikaona midomo inatafuta. Nikakaza mwili wangu wote kulipokea.

"Baba," akasema, "naona kama... umenenepa kidogo."

Nilikuwa nafungua mdomo kumshangilia. Hakunipa nafasi.

"Samahani, baba," akasema. "Samahani sana. Nimekosa adabu." Akapiga goti pale pale kwenye uwanja wa shule, mbele ya wanafunzi wake, akaniamkia upya.

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini? Ni mtoto mzuri, mlimlea vizuri mno, ninyi watu. Tukanywa chai, tukaongea habari za mvua na bei ya ufuta, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenibebea mfuko.

Sasa nakuaga, na nina ombi. Huko uliko Wangoni hawakosekani, maana babu zangu walikwenda wengi na mapema. Cheka nao, kula nao, waimbie kama watakuvumilia. Lakini usiwatukane kama ulivyokuwa unanitukana mimi. Kwa hao tafuta matusi mengine. Haya yangu usimpe mtu.

Ni mimi,
mtani wako, Nachingwea